Nafasi ya Bweni Kouraichia

Kosa la kwanza lilikuwa la gauni. Echata alikuwa na nafasi yake kwenye ndege ya Jumanne, lakini fundi cherehani wa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, alikuwa hajamaliza kushona mikono ya gauni lake la kwendea harusini, na Echata hakutaka kwenda Mahajanga kusimama mbele ya shangazi zake na nguo ya mwaka jana. Akamtuma mumewe abadilishe safari iwe Alhamisi.

"Tiketi yenyewe ya punguzo," Mroivili alimwambia. Alikuwa mpakia mizigo pale uwanja wa ndege wa Nosy Be, na shirika liliwapa wake wa wafanyakazi tiketi za bei ya chini kwa sharti moja: wasafiri pale tu kiti kinapobaki kitupu. "Jumanne abiria ni wachache. Alhamisi sikuahidi kitu. Akitokea mwenye tiketi kamili, wewe unashuka, hata kama umeshakaa."

"Mungu atafungua njia," Echata akajibu, akarudi kwa fundi wake.

Alhamisi njia haikufunguka. Tangu Wafaransa washushe bendera yao, miaka mitatu ilikuwa imepita, na ilionekana kila mwenye suti kisiwani alikuwa na shughuli Mahajanga. Maofisa wapya walikuwepo, wanunuzi wa vanila walikuwepo, hata padri mmoja na sanduku lake la vitabu. Echata alikaa kwenye benchi, gauni limekunjwa mapajani ndani ya karatasi, akiwatazama wakipima mizigo yao mmoja baada ya mwingine. Mwishowe karani, Djaanfar, rafiki wa mumewe, akatoka nyuma ya kaunta akaja kumwinamia.

"Shemeji, imejaa. Hakuna hata pa kupenyeza mtoto. Ngoja ya Jumamosi."

Jumamosi! Harusi ya Nadjma ilikuwa Ijumaa. Nadjma alikuwa mdogo wake wa pekee. Echata alimlea kwa kumbeba mgongoni, na alikuwa ameahidi kumpamba kwa mikono yake mwenyewe. Machozi yakamtoka, kisha na sauti ikamtoka, na watu wakageuka kumtazama.

Djaanfar alishtuka. Mtu mzima halilii ndege namna ile. Akashusha sauti, akaacha Kifaransa chake cha kaunta, akamwuliza kwa Kingazija, lugha ya nyumbani kwao wote wawili: "Kuna msiba, shemeji?"

Echata hakuwa amefikiria kudanganya. Lakini swali lilikuja limeshabeba jibu lake, naye aliinamisha kichwa kuitikia.

"Nani?"

"Mama," akasema.

Alipolisikia neno lile likitoka kinywani mwake, alilibana gauni kifuani.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," sauti ikasema nyuma yao.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amejitanda nguo safi ya shiromani, mkononi ana kikapu kilichofunikwa kitambaa. Echata alimjua kwa sura tu. Watu walimwita Bweni Kouraichia. Bweni ndivyo Wangazija wanavyomwita mwanamke wa heshima. Alikuwa mjane, akiishi upande wa viwanda vya mafuta ya mlangilangi, na wala hakuwa amepata kupanda ndege maishani mwake.

"Mpe nafasi yangu," alimwambia Djaanfar. "Mimi nimelipa nauli kamili. Si naweza kubadilisha siku?"

"Unaweza, bweni, bila shida yoyote. Lakini mpaka Jumamosi..."

"Basi nibadilishie. Mtoto asimkose mama yake kwa ajili ya kiti."

Echata akamgeukia. "Na wewe, bweni, unaendea nini Mahajanga?"

"Kuagana na mwanangu, Kamardine. Ameajiriwa jikoni kwenye meli ya Marseille. Wanasema inaondoka Jumamosi jioni. Nitamkuta, inshallah."

Mke wa mpakia mizigo alijua mambo ambayo mama yule hakuyajua. Alijua kwamba ndege ya Jumamosi aghalabu huchelewa, na kwamba meli ikishajaza shehena inang'oa nanga bila kuuliza ni jioni au asubuhi. Aliyajua, akanyamaza. Baadaye, kila alipotaka kujitetea kwamba ulimi uliteleza, kimya kile ndicho kilichomsuta. Hapo hapakuwa na kuteleza. Alikuwa na wasaa wa kutosha wa kusema.

"Msiba uko mtaa gani?" Bweni Kouraichia akauliza.

"Ampisikina."

"Nitakuja kuhani nikifika, mwanangu. Mungu akupe subira."

Kwenye njia ya kuiendea ndege Mroivili alimjia mbio, glavu za kazi zingali mkononi. Djaanfar alikuwa ameshampa pole.

"Mama amefariki? Nani kaleta habari?"

Echata alitazama chini. "Nitakueleza."

Mroivili akamwangalia, akaliangalia furushi la gauni, akaelewa. Alirudi kwenye mizigo yake, akawa anairusha ndani kwa nguvu isiyohitajika, na mkewe alipopanda ngazi hakugeuka kumpungia.

Ndani ya ndege alikaa karibu na mzee mmoja, mnunuzi wa vanila, aliyekuwa amesikia yote. Mzee akampisha dirishani. Walipokwisha kupaa, akainua viganja vyake, akamsomea marehemu Fatiha, kwa utulivu, mpaka mwisho. Echata akaitikia "Amin" na kujipangusa uso, na chini yao bahari ilikuwa nyeupe kwa jua.

Marehemu mwenyewe alimfungulia mlango, unga hadi viwikoni. Bi Rabiata alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu.

"Tulishakata tamaa! Ingia, ingia, mdogo wako analia hataki mtu mwingine amshike." Kisha, kwa kuwa binti yake alimkumbatia akawa hamwachii: "We mwana, umeniona nimerudi kutoka wapi? Nitakupaka unga."

Echata alimpamba Nadjma, kama alivyoahidi. Alimchora hina, akamsuka, akaimba na wenzake mpaka akakauka koo. Shangazi zake waliligusa gauni, wakaisifu mikono yake. Lakini ndani ya nyimbo alisikia hesabu nyingine. Kamardine yuko mji huu huu. Bandari si mbali. Angeweza kumtafuta leo, akamwambia: mama yako yuko njiani, omba ruhusa, chelewa kupanda. Ila kumtafuta Kamardine kulikuwa ni kumweleza kwa nini mama yake hakuja Alhamisi. Ijumaa nzima alijiambia atakwenda vyombo vikishaoshwa, wageni wakishakula, bibi harusi akishatolewa.

Alikwenda Jumamosi asubuhi. Meli kubwa Mahajanga hazifiki gatini. Hutia nanga mbali, na watu hupelekwa kwa mashua za bandari. Alipofika, mashua zilikuwa zinarudi tupu.

"Inaondoka saa hii?" alimwuliza mlinzi wa geti.

"Shehena imekwisha. Inangoja nini tena?"

"Kuna kijana, Kamardine, wa jikoni..."

"Yule wa kuulizauliza ndege?" Mlinzi akacheka kidogo. "Alisimama hapa jana hata wenzake wakamwita mara tatu. Anasema mama yake lazima aje. Mwisho walimshika mkono wakampandisha."

Echata alirudi nyumbani kwa miguu. Alipopita sokoni aliisikia honi ya meli, ndefu, akaongeza mwendo kama mtu anayefukuzwa.

Jumapili, wageni wa harusi wakiwa wamebaki wachache, alikuwa uani akisugua masufuria aliposikia hodi. Mama yake akaenda kufungua.

"Karibu, bweni! Harusi imekwisha, lakini pilau lipo, halikwishi leo."

"Samahani, nadhani nimepotea," ikajibu sauti ambayo Echata aliitambua mara moja. "Kila ninayemwuliza ananileta hapa. Natafuta nyumba yenye msiba. Mama yake Echata, binti aliyeolewa Nosy Be. Nimeleta mchele kidogo wa hitima."

"Mama yake Echata ni mimi."

Echata alisimama na jivu mikononi, akasogea hadi mlango wa uani. Bweni Kouraichia alikuwa ametua furushi la mchele kizingitini. Alinyoosha mkono, akamgusa Bi Rabiata begani, kisha usoni, na uso wake mwenyewe ukafunguka kwa furaha.

"Uko hai! Alhamdulillah! Wallahi nimekuombea njia nzima." Akamwona Echata, akamwita kwa mikono miwili. "Mwanangu, basi walikuletea habari ya uongo! Watu wabaya hao! Lakini bora uongo huo kuliko ukweli wake."

Ilikuwa mara ya pili katika siku chache mtu mwema kumwekea jibu mdomoni. Bi Rabiata alikuwa akimtazama bila kuelewa. Alichotakiwa Echata ni kuitikia tu. Nani angejua? Angesema ndiyo, bweni, walinidanganya, na wote watatu wangekaa wakala pilau.

"Sikuletewa habari na mtu," akasema. "Niliizua mwenyewe. Nilitaka kuwahi harusi ya mdogo wangu."

Bweni Kouraichia hakupiga kelele. Macho yake yalishuka kwenye vidole vya Echata, ambako hina ya harusi ilikuwa bado imekolea chini ya jivu.

"Meli iliondoka nikiwa angani," akasema taratibu. "Niliiona kwenye dirisha. Sikujua ndiyo yenyewe. Nikamwonyesha jirani yangu, nikasema, tazama, chombo kizuri kile."

Akaokota kikapu chake. Bi Rabiata akawa anahangaika, akimshika shiromani, akimsihi aketi, apoze koo walau kwa maji, lakini mgeni alikataa kwa adabu. Mchele aliuacha. Alisema sadaka ikishatoka nyumbani hairudi.

Alipokwisha kwenda, mama alimgeukia bintiye. Echata alingoja kofi, akalitamani. Bi Rabiata aliketi tu juu ya kibao cha mbuzi, pale mlangoni.

"Ulinifanya nimekufa," akasema, "na mimi nakaanga vitunguu." Kisha akavaa viatu akamfuata yule mama mtaani, akamsindikiza mpaka kwa jamaa aliofikia. Walizungumza nini, Echata hakuambiwa kamwe.

Jumanne aliwekwa tena kwenye benchi, safari hii uwanja wa Mahajanga, na tiketi yake ya punguzo. Wenye nauli kamili waliingia. Karani akahesabu, akamwita: kimebaki kimoja. Kiti chenyewe kilikuwa ubavuni mwa Bweni Kouraichia.

Echata alisimama kwenye njia, hajui akae au ashuke. Mama yule alivuta shiromani yake, akampisha. Ndege ikapaa.

"Ulipomwambia karani," Bweni Kouraichia akauliza hatimaye, akitazama mbele, "ulimi haukukuuma?"

"Kwanza niliitikia kwa kichwa tu."

"Kichwa nacho ni chako."

Echata akasema, "Nilikwenda bandarini Jumamosi. Mlinzi alinieleza kwamba alikungoja. Alisimama getini mpaka wakampandisha kwa nguvu." Hakujua kama anampa mama yule zawadi au anamwongezea kidonda, ila aliona si halali habari ile ibaki kwake.

Bweni Kouraichia alifumba macho. Midomo yake ilitikisika, pengine kwa dua, pengine kwa jina la mtoto. Mara ndege ikaingia mawinguni, ikashuka ghafla, na mkono wake ukaukamata mkono wa Echata kwa nguvu zote. Ilipotulia, akautoa, akauweka mapajani mwake.

"Kamardine akirudi," akasema, "nitamwambia nilichelewa. Jina lako sitamtajia. Lakini usije kwangu, Echata. Tukikutana njiani nitaitika salamu yako. Nyumbani usije."

"Nimesikia, bweni."

Nosy Be, Djaanfar alikuwa chini ya ngazi, na nyuma yake wapakia mizigo wanne wamejipanga kwa heshima, kofia mikononi. Walikuwa wamechanga mchango wa rambirambi. Mroivili alisimama pembeni, macho mekundu kama mtu ambaye hajalala, kwa kuwa siku zote hizo alikuwa akipokea pole za watu na kuzijibu.

"Shemeji, pole sana," Djaanfar akaanza. "Tumeonelea, sisi wenzake Mroivili..."

"Ngoja, Djaanfar," Echata akasema. Abiria walikuwa wanapita. Alimwona Bweni Kouraichia akipita nao, na kikapu chake, bila kupunguza mwendo. "Rudisheni mchango wenu. Mama yangu hajafa."

Akawaeleza palepale juani, kwa sauti ambayo hata mwenye kubeba sanduku la mwisho aliisikia. Djaanfar aliinua mkono kumkatiza, kwa ajili ya mumewe, lakini Mroivili akamwambia, "Mwache amalize."