Udi wa Kanzu ya Haroub

Tangu asubuhi Bi Moza hakuwa na shughuli nyingine ila kanzu ya mdogo wake. Alasiri hiyo Haroub angetunukiwa uwanjani Gombani, mfanyabiashara bora wa mwaka, na kwao Vitongoji mtu akienda kupewa heshima, kanzu yake hufukizwa udi na aliyemlea. Si mke, si rafiki. Aliyemlea.

Na hapo hakuna wa kubishana na Moza. Wazazi walipofariki, aliacha shule akawa anachambua karafuu za watu mpaka vidole vikawa vyeusi. Kijana mmoja, Mmanga, alipoleta posa, akitaka kumhamishia Unguja, alimkatalia, kwa kuwa Haroub alikuwa bado darasa la tatu. Mmanga akaoa kwengine. Leo Moza alitaka kitu kimoja tu: asikie jina lake likitajwa mbele za watu.

Zulekha, jirani yake anayesomesha Kiingereza, akaingia kumwonesha tangazo la sherehe kwenye simu. Picha ya Haroub, na chini yake: self-made.

"N'ambie maana yake, mwanangu."

Zulekha akajitia kufuta kioo cha simu. "Sifa tu, Bi Moza."

"Sifa gani?"

"Maneno mawili yameunganishwa. Nafsi, na kutengenezwa. Wamarekani wa zamani walipenda kumwita hivyo ntu aliyetoka chini akainuka kwa nguvu zake. Hakushikwa nkono na ntu."

"Kayaandika nani?"

"Mwenyewe. Kamati ya sherehe wamen'ambia walitaka waandike kuwa kalelewa na weye. Kasema haya ndiyo yanayompendeza."

Moza aliumia, jamani, aliumia kuliko siku ya Mmanga. Siku ile angalau alijua anajinyima kwa ajili ya nani.

Haroub akapiga hodi, mbio mbio, ananukia sabuni. "Da Moza, kanzu tayari? Watu wananingoja."

Moza akaiondoa kanzu juu ya moshi, akampa. Kisha akampa na chetezo chenyewe, makaa yakiwa bado mekundu.

"Jifukizie," alisema. "Si umejitengeneza?"

Haroub akacheka, akidhani ni utani. Alipoliona tangazo kwenye simu ya Zulekha, kicheko kikamkauka.

Moza hakungoja jibu. Aliingia chumbani, akalitungua lile baibui jipya alilolitayarisha kuvaa Gombani, akalikunja taratibu, akalirudisha sandukuni.