Jedwali Lisiloonekana Dzaleka

Odette alikuwa na dharau ya kutosha kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, na nyingine ya kupeleka mjini. Alitengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko, na tusimnyime haki yake, mikono ilijua kazi. Lakini mdomo! Ukimletea simu iliyopasuka kioo, lazima kwanza akuulize kama ulikuwa unapigilia nayo misumari.

Wiki ile dharau yote ilikuwa ya Étienne. Kijana wa Uvira, kule Kongo, kakulia hapo hapo kambini, sasa ana meza yake City Centre, Lilongwe, kwenye shirika lililokuwa linatafuta watu wa kusomea uuguzi. Watu themanini walijaza fomu za karatasi. Shirika likatangaza kwamba siku na saa ya kila mmoja kuhojiwa iko kwenye jedwali, kwenye ukurasa wao wa intaneti. Watu wakafungua. Nembo ipo, kichwa cha habari kipo, chini yake weupe mtupu. Jedwali hakuna, wala chati ya kuonyesha nafasi zilizopo.

Mmoja wa hao themanini alikuwa Thacienne, jirani wa Odette, binti mpole wa Kinyarwanda aliyemaliza sekondari miaka minne iliyopita na tangu hapo anauza nyanya. Kila siku alipita kibandani, akimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Odette, tablo imetoka?"

"Itoke wapi? Bale bantu ba biro ya mjini habajue kazi. Angalia: simu yako iko mweupe, yangu mweupe, ya mteja wangu Byamungu mweupe. Simu tatu zote zimerogwa?"

Alimpigia Étienne. Étienne akasema kwake jedwali linaonekana vizuri, akamwomba afungue mipangilio ya simu aangalie kitu kimoja. Odette akaangua kicheko soko zima lisikie. "We Étienne unifundishe mi simu? We uliyekuwa unaniletea chaja nikuungie waya?" Akakata. Wateja wakacheka naye, maana Odette akicheka, ni afadhali ucheke.

Alhamisi akaamua kwenda kumwonyesha uso kwa uso, na Thacienne awe shahidi. Waliondoka saa moja asubuhi, Thacienne kavaa sketi yake ya kanisani, kimya. Njia nzima Odette alimchambua Étienne: tai yake, viatu vyake, kile Kifaransa anachochomeka kila neno la tatu. Mpaka wanashuka mjini alikuwa hajammaliza.

Ofisini walisubiri hadi saa nne ilipopita. Étienne akatoka, akawasalimia kwa heshima, akawaletea viti. Odette hakukaa. Alimtupia simu ya Thacienne mezani.

"Tablo iko wapi? Nionyeshe. Bantu makumi nane banangoja, we unakaa hapa na feni."

Étienne alifungua ukurasa ule ule kwenye kisimu chake cha zamani, cha bei ya chini kabisa. Jedwali hilo hapo, mistari imejipanga, na chati juu yake. Kisha akaishika simu ya Thacienne, akaingia kwenye mipangilio, akashuka, akasimama.

"Nani alifunga skripti humu?"

Odette alihisi masikio yanawaka.

"Ni yaya Odette," Thacienne akasema, bila ubaya wowote. "Anafungia bantu bote, bando isiishe mbio."

Ona sasa. Skripti ni zile programu ndogo zinazochora vitu ndani ya ukurasa, na kila simu iliyopita kibandani Odette alizifunga, hata bila kuulizwa, kwa sababu zinakula bando, na bando Dzaleka si mchezo. Watu walimshukuru. Maandishi yalikuja haraka. Vya kuchorwa ndivyo havikuja. Fundi mkubwa! Kasahau kazi ya mikono yake mwenyewe, na kwa wiki nzima kaitukana kazi ya mwenzake.

Étienne akazifungulia. Ukurasa ukajaa. Thacienne akainama, akapitisha kidole kwenye majina mpaka akajikuta: Alhamisi, saa tatu asubuhi, ukumbi wa Dzaleka.

Alhamisi ndiyo leo. Étienne akawapigia haraka wenzake waliokwenda kuhoji kambini, akasikiliza, akaiweka chini taratibu. "Bamemaliza, leo ilikuwa siku ya mwisho. Bako njiani kwenda Blantyre. Banasema bantu habakufika, hata nusu haikufika. Nafasi nyingine ni mwaka ujao, kama itakuwepo."

"Na nyinyi pia!" Odette akafoka, sauti ikipanda juu kabisa. "Mngeshindwa nini kubandika karatasi moja ukutani? Hata mtoto wa..."

"Yaya, nyamaza," Thacienne akasema.

Hakuna aliyewahi kumwambia Odette neno hilo. Akakaa kwenye kiti alichokuwa amekikataa.

"Asubuhi tukitoka, niliona gari ya bale bantu ba shirika inasimama pale ukumbini." Thacienne alikuwa bado anaangalia jina lake. "Nilitaka kukuambia tupite kuuliza. Niliogopa utanicheka."