Uso Wake Ulikoelekea

Polisi alisema mume wangu aliinama akachungulia bomba. Nikamwambia, "Afande, huyu kachomelea vyuma miaka thelathini. Achungulie bomba lenye baruti kama mtoto anayetafuta peremende?" Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akanikanyaga mguu ninyamaze. Sikunyamaza. Lakini si hilo lililonipeleka kwa daktari wa uchunguzi wa maiti. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama alinisikia.

Nilikuwa nimekaa miezi kwa mama yangu, namwuguza. Mume wangu alibaki na karakana yake, na masikio yake yaliyomalizwa na kelele za vyuma. Kila nikipiga simu: "Sema kwa nguvu!" Basi napaza sauti, nyumba nzima ya mama inasikiliza: umekula? umefunga geti? Sasa utampigiaje mtu kelele kwamba umemkumbuka mpaka hulali? Nikayameza hayo, nikasema nitayafikisha mwenyewe.

Siku niliyorudi, mzee mzima akajitia fundi wa fataki. Za kunikaribishia, eti. Kachomelea bomba, kashindilia baruti aliyochanganya mwenyewe, kalisimamisha uani. Nilimgombeza, akacheka, sijui alisikia nusu au robo. Jua lilipozama akanyoosha mkono kuwasha utambi. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni, namtazama shingo ilivyokonda nikiwa sipo, na moyo ukanishinda. Nikamwita. Si kwa kelele. Nilimwita taratibu, kwa jina letu la chumbani, na hapo hapo bomba likapasuka.

Daktari tuliyemwendea, mimi, shemeji na polisi yule, alikuwa mwanamke mpole, asiye na maneno mengi. Vipande vya bomba vilikuwa mezani pake, ndani ya mfuko wa plastiki. "Hakuchungulia," alisema. "Angechungulia, uso ungeungua. Uso wake ni mzima."

"Basi alikuwa anakimbia," akasema polisi.

"Hapana. Kiganja cha kulia kimeungua. Mkono ulikuwa bado kwenye utambi."

Akamwomba shemeji asimame, anyooshe mkono wa kulia juu ya ndoo ya taka, ndiyo iwe bomba. Shemeji anaogopa hata sindano, lakini alitii. "Chuma kimeingia hapa, nyuma ya sikio la kulia," daktari akaendelea. "Shavu la kushoto halina hata doa la moshi." Akamshika kidevu, akamgeuza kushoto, kidogo, kidogo tena, mpaka bega nalo likafuata. "Alikuwa hivi. Upande huu palikuwa na nini?"

"Mlango wa jikoni," nikasema.

"Na mlangoni?"

"Mimi. Nilimwita."

Shemeji, mkono bado juu ya ndoo, akaanza kuongea haraka haraka. "Lakini kaka alikuwa hasikii, dokta. Jirani zetu wote wanajua. Hebu mwambie shemeji kwamba hakusikia, aligeuka tu." Alitaka kunitua mzigo, maskini. Aliona nitakufa nikijua kwamba ni mimi niliyemchelewesha pale.

Daktari akavua miwani. "Sikio haliwezi kuniambia lilisikia nini. Ninachokiona ni alikogeukia. Na nikwambie, mama, alikuwa karibu mno na bomba. Angegeuka, asingegeuka, asingepona."

Alisema hayo kwa huruma, nami nikamshukuru, ingawa kupona sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nahesabu upana wa ua wetu. Mtu ambaye, meza moja tu ikiwa kati yetu, bado nilimpigia kelele anipe chumvi! Mnong'ono gani ule uliovuka ua mzima ukamfikia, wakati moto uko mkononi mwake? Miezi yote ile nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nimetega sikio.

Nikalia. Nililia kwa sauti mpaka polisi akatoka nje, na Mungu anisamehe, ndani ya kilio kile mlikuwa na furaha.

Shemeji akanishika bega. "Usijibebeshe, shemeji. Kaka alikuwa kiziwi."

"Usimwite kiziwi tena," nikamwambia. "Niliita, akaitika."