Nyevu Hajapewa Ruhusa

Jioni ya mwisho kabla ya wanafunzi kupelekwa maofisini, Mwalimu Loise aliwafundisha namna ya kukaa kwenye kazi za watu. Feni ya darasa ilikuwa imeharibika, kwa hivyo alisimama karibu na dirisha, akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Fika kabla ya anayefungua mlango," alisema. "Usichague kazi. Ukitumwa chai, leta chai. Usikose hata siku moja. Na kubwa kuliko yote, usitoke mpaka upewe ruhusa. Hapo ndipo wengi wenu huharibu."

Dama aliandika kila neno. Alikuwa amempita mwalimu kwa umri, na mwandiko wake ulikuwa wa polepole, wa mtu aliyeshika kalamu ukubwani. Mchana alipiga deki katika nyumba ya wageni, jioni alisomea ukarani. Wenzake darasani, ambao wengi walikuwa rika la mwanawe, walimwita Mama Nyevu na walimwachia kiti cha mlangoni penye upepo.

"Mama Nyevu, wewe wataka ofisi gani?"

"Ile ya Ndia Kuu, mwalimu. Wale wanaotoa mizigo bandarini."

"Pale alipo Nyevu?"

"Papo hapo."

Mwalimu Loise aliacha kujipepea. Nyevu alikuwa mwanafunzi wake pia, na alipozikwa Rabai mwalimu alikwenda, akasimama na kwaya, akaimba. "Ni vizuri," akasema. "Atakuelekeza. Pale wanajua kukaa na wanafunzi."

"Haya basi!" kijana mmoja akaita kutoka nyuma. "Mama Nyevu ana mtu ndani. Sisi tusio na watu ndani tutafanyaje?"

Darasa likacheka, na Dama akacheka nao.

Nyevu alikuwa amekufa kwa homa, wakati wa mvua za masika za mwaka uliopita. Alizikwa Jumamosi, na gauni lake la kwaya, na vile viatu vyeusi vya ngozi alivyonunuliwa kwa ajili ya atachimenti, hayo mafunzo ya kazini. Jumatatu asubuhi alikuwa kazini. Dama alipata habari hiyo kwa mama mmoja muuza mahamri wa pale Ndia Kuu, aliyetaka kujua kwa nini binti yule hanunui tena.

"Hupita tu," alisema. "Hunisalimu vizuri, akenda zake. Au mahamri yangu yameharibika?"

"Hayajaharibika, dada," Dama akamjibu. "Yeye ndiye hali siku hizi."

Nyumbani Likoni Nyevu hakufika hata mara moja. Dama alimwachia mlango bila komeo usiku baada ya usiku, kisha akaanza kuufunga tena kwa sababu ya wezi. Kila alipopiga magoti kabla ya kulala aliomba sala moja: Bwana, mlaze mwanangu. Aliomba hivyo hata ndani ya feri, amesimama katikati ya watu na baiskeli, midomo ikicheza bila sauti. Lakini kwenda pale ofisini hivi hivi hakuweza. Hakuwa mtu wa kuingia kwa watu bila shughuli. Ndipo akajiandikisha chuoni. Majirani walidhani anatafuta kazi nzuri uzeeni. Yeye alikuwa akitafuta njia ya heshima ya kumfikia mwanawe, amchukue, ampeleke Rabai akalale.

Ofisi ilikuwa chini ya nyumba ya kale yenye mlango wa nakshi, kati ya duka la vinyago na duka la vitambaa. Asubuhi ya kwanza Dama alimkuta Nyevu ukumbini, ana faili kwapani. Alikuwa yuleyule, ila mkono wake ulikuwa wa baridi kidogo, kama mtungi.

"Mama, umechelewa."

"Ni feri, mwanangu."

"Usiseme feri. Kila mtu husema feri. Sema samahani, uanze kazi."

Akamwonyesha birika, na mahali pa sukari pasipofikwa na sisimizi. Akamwambia Bi Ummukulthum wa malipo hanywi chai yenye tangawizi, na kwamba mashine ya kutoa kopi hupigwa kofi upande wa kushoto ikigoma. Akamfundisha kupokea simu: kwanza salamu, kisha jina la kampuni, kisha kunyamaza, maana mwenye haraka atajieleza mwenyewe. Dama alisikiliza kwa makini. Alijivunia mwanawe, na kwa sababu walikuwa kazini hakumkumbatia.

Wafanyakazi walimzoea Nyevu kama walivyozoea mlio wa feni. Walimtuma forodhani, walimtuma posta, walimtuma kuchukua mihuri. Hakuugua, hakuomba nauli, hakukosa siku. Asipotumwa, aliketi kwenye benchi lililokuwa nje ya mlango wa meneja, mikono magotini, akitazama mlango.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana Dama aliketi kando yake.

"Mbona huji nyumbani, mwanangu? Mbona hulali?"

"Sijapewa ruhusa, Mama."

"Ruhusa ya nini?"

"Siku ile nilipozidiwa na homa nilimwomba Bwana Morgan ruhusa niende hospitali. Alikuwa kwenye simu. Akaniinulia kiganja, hivi. Ningoje. Nikaja hapa nikangoja."

Bi Ummukulthum alikuwa akisikia kutoka kwenye meza yake. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya buibui.

"Ni kweli, Mama Nyevu. Mwana alikuwa yuwatetemeka hata benchi lagonga ukuta. Mimi nilimwambia, mwanangu, enda zako, huyu bwana akimaliza simu hii hushika nyingine. Akanambia, bado, bosi hajanambia. Hata magharibi ikaingia. Tukampakia tuktuk mimi na mlinzi." Akavaa miwani yake. "Adabu anayo, mashaallah. Adabu imemzidi."

Dama aliijua adabu hiyo ilikotoka. Nyevu alipokuwa mdogo aliambiwa kwamba kwa watu huingia kwa hodi, na hutoki mpaka mwenye nyumba aseme haya, nenda, wasalimie. Mtoto aliishika sawasawa. Siku moja alitumwa chumvi kwa jirani, hakurudi. Alfajiri walimkuta ameketi kwenye kigoda, chumvi mkononi, kwa sababu yule mama alisinzia kabla ya kumwambia aende. Watu walicheka mtaa mzima, na Dama alimsifu mbele yao.

"Basi mimi nakuruhusu," Dama akasema. "Mimi ni mama yako. Haya, nenda, mwanangu. Nenda."

Nyevu akamtazama kwa huruma. "Mama, hapa si kwako."

Tangu hapo Dama alifanya kazi yake huku akivizia nafasi ya kuzungumza na meneja. Bwana Morgan hakuwa mtu mbaya. Aliwaita wanafunzi kwa majina yao, aliweka peremende mezani kwa ajili ya watoto wa wateja, na kila aliyemwendea na shida alimwambia wataangalia. Lakini alikuwa mtu wa simu. Mlango ulipofunguka alikuwa kwenye simu, ulipofungwa alikuwa kwenye simu. Dama alisogea hadi mlangoni mara nyingi, akarudi na faili lake.

Siku yake ya mwisho ya mafunzo aliomba kwanza jikoni, akiwa ameshika ukingo wa sinki. Kisha akapiga hodi. Simu ilikuwa mezani, imenyamaza.

"Karibu, Mama Nyevu, karibu. Nimeshaandika habari zako nzuri kwa mwalimu wako. Kazi umefanya."

"Nashukuru, bosi. Nimekuja kwa ajili ya Nyevu."

"Ah, Nyevu!" Uso wa Bwana Morgan ukachangamka. "Sijui tungefanyaje bila yeye. Forodhani wanamjua kunishinda mimi."

"Naomba umpe ile ruhusa."

"Ruhusa ipi?"

"Ile aliyokuomba akiwa mgonjwa. Anaingoja hapo nje."

Bwana Morgan alifikiri, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka funguo. "Kweli," akasema polepole. "Kweli, nilikuwa kwenye simu."

"Ni neno moja tu, bosi. Umwambie haya, nenda. Basi. Nitamchukua leo, nimpeleke kwao akapumzike."

Alikubali. Dama alimwona akikubali kwa kichwa. Alisukuma kiti nyuma, akainuka, akaukaribia mlango ambao Nyevu alikuwa ameketi upande wake wa pili, na Dama akaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Simu ikalia. Bwana Morgan akaitazama, akaipokea, akamwinulia Dama kiganja.

Dama akatoka akaketi kwenye benchi, kando ya mwanawe. Waliisikia sauti ya Bwana Morgan ikizungumza habari za kontena lililokwama. Baadaye alitoka, simu ikiwa sikioni na koti mkononi, akawapita, akawasalimia kwa nyusi. Walisikia gari lake likipapasa njia katika ule uchochoro mwembamba, kisha hawakulisikia tena.

Waliketi. Bi Ummukulthum alifunga madirisha moja moja, akawatakia masalkheri, akawaachia taa ya ukumbini. Adhana ya magharibi ilipita juu ya mapaa.

"Mama, wewe nenda," Nyevu akasema. "Una darasa."

"Sijapewa ruhusa."

"Ndiyo maana nakwambia nenda."

Dama akamshika mkono na Nyevu akamfuata, na kwa hatua hizo chache alionekana kama mtu anayekwenda kwao. Kwenye kizingiti akasimama.

"Hapa mwisho, Mama."

Dama alikuwa ameinama kutafuta ndara zake, ndipo akaviona viatu vya mwanawe. Soli zilikuwa zimekwisha kabisa. Vidole vilionekana kupitia matundu, vina vumbi la Ndia Kuu na la forodhani na la kila mahali alikotumwa.

"Vua," akasema.

Nyevu akavua. Akarudi kwenye benchi peku, akaketi, mikono magotini. Dama akatoka na viatu kwapani. Hakuwa amewahi kutoka kwa watu bila kuagwa, na alitembea hadi stendi ameinamisha kichwa, asionekane na mtu.

Mitihani alifaulu. Kazi pale aliomba, akaambiwa kwa upole kwamba kazi zote zina mtu. Muhula uliofuata Mwalimu Loise alisimama kando ya dirisha lilelile, akawaambia wanafunzi wapya wasitoke mpaka wapewe ruhusa, akampeleka Ndia Kuu msichana anayeitwa Beverly. Nyevu alimwonyesha birika, na sukari, na mahali pa kupiga kofi mashine. Bwana Morgan, kila anapokutana na Dama njiani, humwambia kwamba lile jambo hajalisahau, wataliangalia.

Dama bado anapiga magoti kila usiku. Sala ndiyo iliyobadilika kidogo. Siku hizi anaomba simu ya mtu mmoja inyamaze, hata kwa muda wa kutamka maneno mawili.

Na kila baada ya miezi michache anamvua Nyevu vile viatu alivyomrudishia, anavipeleka kwa fundi Tsuma, anayeshonea kivulini karibu na Ngome ya Yesu. Mara ya mwisho Tsuma alivigeuza, akapitisha kidole kwenye tundu, akaguna.

"Mwenye viatu hivi anatembea sana."

"Yuko atachimenti," Dama akasema.

"Bado?"

"Bado."

Fundi akachukua misumari midogo, akaiweka mdomoni. Dama akaketi kwenye kopo la rangi lililofunikwa, kusubiri.

"Weka soli nene," akasema.