Kola ya Ukurasa wa Sita

Kusoma najua, msinionee huruma. Darasani mwandiko wangu ulikuwa unabandikwa ukutani. Kwa hiyo sitasingizia macho.

Tuko mafundi cherehani thelathini, tunashona kwenye ukumbi mmoja, kila mtu na cherehani chake. Changu aliniachia mama. Pale pa kukanyagia pamelika upande mmoja kwa mguu wake. Mwaka juzi tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa chama chetu. Mgombea mmoja tulimwita Tabasamu, maana meno yake yalikuwa yanaingia mlangoni kabla yake. Akatugawia uzi wa bure na kanuni mpya za chama, kurasa nane kila mmoja. Tuzisome, akasema, kwani atakayempa kura atakuwa amezikubali.

Karatasi ile, jamani! Nzito, nyeupe, haikunjiki ovyo. Fundi yeyote atakwambia shida ya kupata karatasi nzuri ya kukatia vipimo. Kabla ya chai nilishatoa kipimo cha kola na cha mfuko. Wifi yangu, tunayekaa naye meza moja, akatoa mikono ya shati la mtoto. Ukumbi mzima ukawa mikasi tu.

Mzee Miwani, fundi wa vifungo, ndiye peke yake aliyekuwa anasoma. Akasimama. "Jamani, huu ukurasa wa sita tuusome pamoja."

"Miwani, shona vifungo!" nikampigia kelele. "Mwenzio katupa uzi, wewe unatupa hotuba."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilijiona mjanja kweli. Mzee akakaa, akarudi kwenye vifungo vyake. Tabasamu akapita kwa kura zote isipokuwa moja.

Miezi mitatu baadaye akaja na wanaume wanne na minyororo. Kila cherehani kikafungwa kwenye meza yake. Tukaambiwa sasa ni mali ya mwenyekiti. Anayetaka kukitumia amshonee yeye mashati siku nne kwa wiki, bure. Mzee Miwani alipobisha, akatolewa nje na mkebe wake wa vifungo.

Nikamvaa Tabasamu. "Hiki ni cha marehemu mama yangu!"

"Dada yangu, mlikubali wenyewe," akasema, meno yote nje. "Ukurasa wa sita."

Niliutafuta ukurasa huo kila pembe. Kumbe nilikuwa nao mkononi kila siku. Ile kola! Nikaigeuza, nikasoma maneno yaliyobaki kwenye duara la shingo: "...vyerehani vyote vilivyomo ukumbini vitakuwa mali ya mwenye..." Hapo nilishaitumia kukatia mashati yake mia na zaidi. Nililia mbele za watu, kamasi zikanitoka, wala sikuona haya.

Juzi zimekuja kanuni nyingine, kurasa kumi na mbili, na uchaguzi uko mlangoni. Nikapanda juu ya benchi. "Jamani, tusome! Nawaomba, safari hii tusome kwanza!"

"Wifi, hebu shuka ushone," alisema wifi yangu bila kuinua kichwa. "Siku hizi umekuwa Miwani?"

Walicheka, wale wale, cheko lile lile. Nilimwangalia wifi mkononi. Mkasi ulishafika katikati ya ukurasa wa kwanza.

"Na hii ni pana," akasema. "Itatosha hata suruali."