Umargwe Ulianzia Masieda

Mzee Margwe alirudi kutoka gulioni Jumamosi mchana akiwa na furaha hata akasahau kuvua viatu vya matope mlangoni. Judica, binti yake wa pekee, alikuwa jikoni akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe mimi ni mtu mkubwa hapa Masieda, na hakuna aliyeniambia."

Akaeleza. Alimpelekea Modest, fundi simu, ile simu yake inayojizima yenyewe. Modest akaigeuzageuza, akasema simu hii ina umargwe. Mzee akamwambia, Margwe ni mimi. Hapo fundi aliruka kama amekalia siafu, akampisha kwenye kiti chake, akamwagizia chai na maandazi mawili, na simu ikatengenezwa kabla chai haijapoa.

"Jina langu limekuwa neno, Judica. Mafundi wanalitumia. Kesho baada ya ibada nitaomba nafasi, nisimame, niwashukuru vijana."

Judica aliendelea kupukuchua gunzi ambalo halikuwa na punje hata moja.

Kwa asiyejua, umargwe ni jambo lisiloeleweka, mambo ya ajabuajabu. Mbuzi akizaa mtoto wa miguu mitano, huo ni umargwe. Bwana harusi akilia kuliko bibi harusi, ana umargwe. Wazee hawalisemi kwa sababu hawalijui, na vijana wanaolijua hawathubutu kulitamka mbele ya mwenye jina. Limetembea, neno hilo. Judica anafundisha shule ya msingi Balangdalalu, kule Hanang, na huko alilikuta limemtangulia, midomoni mwa watoto wasiojua kama Margwe ni mtu au ni mlima. Alilisikia hata Hirbadaw, mchungaji akimkemea ndama aliyekataa kunyonya.

Sasa baba yake anataka kusimama kanisani, mbele ya watu wote, kushukuru kwa kuchekwa. Vijana wangeinama chini ya mabenchi wakibana vicheko, na mzee si mjinga, angeelewa palepale akiwa na kofia mkononi. Judica aliona heri mzee aumizwe na mwanawe, nyumbani.

"Baba, kaa kidogo. Hilo neno si la sifa."

Akamweleza maana yake bila kuipamba. Furaha ilimtoka mzee usoni taratibu. Akavua viatu, akaviweka mlangoni, akarudi kukaa.

"Lilitoka wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Judica alikuwa akiliogopa kwa miaka kumi na saba.

"Unamkumbuka maksai wa Hhando?"

Nani angemsahau. Judica alikuwa kidato cha kwanza, mwezi wa saba, asubuhi ya ukungu mzito. Maksai wa jirani yao Hhando alikuwa na homa, wakamfunika blanketi kuukuu, wakamsimamisha kando ya njia. Mzee Margwe akapita, akaona blanketi, akaona kitu kikubwa kimeinama kama mzee mwenye kibiongo, akavua kofia na kusema shikamoo. Maksai akakohoa. Mzee akasubiri marahaba yake kwa adabu zote, na wanafunzi waliokuwa nyuma wakaangua kicheko.

Kwa siku hiyo watu wangemsamehe, maana kwenye ukungu hata mchungaji wa kanisa angeweza kuamkia ng'ombe. Ila siku ya pili jua lilikuwa linawaka, maksai hana blanketi, pembe zote mbili zinaonekana, na mzee alivua kofia tena. Siku ya tatu vilevile. Wiki nzima Margwe aliamkia ng'ombe wa watu mchana kweupe.

"Wenzangu waliniuliza, yule si baba yako? Ana nini?" Judica alisema. "Niliona aibu. Nikajifanya hainihusu. Nikawaambia huo ni umargwe tu. Ni mimi, baba. Neno hilo nililianzisha mimi, halafu nikacheka pamoja nao."

Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ulicheka," alisema mzee.

"Nilicheka. Nisamehe."

"Subiri, hujanielewa. Mama yako tulimzika Februari. Tangu siku ile mpaka mwezi wa saba, hukucheka. Nilikuwa napika, unadonoa, unalala. Nilikusimulia habari za fisi, ukaniitikia tu kwa heshima. Mimi sijui kuchekesha watu, mama yako ndiye aliyejua. Halafu asubuhi ile nikakosea kwa yule ng'ombe, nikasikia mtoto anacheka nyuma yangu. Nikageuka. Ni wewe."

Judica aliacha kufuta machozi.

"Siku ya pili nilikaa nyuma ya uzio wa Hhando," mzee aliendelea. "Nikangoja mpaka nikasikia sauti zenu njiani, ndipo nikatoka nikavua kofia. Ukacheka tena, na jioni ile ukala ugali wako wote. Sasa ningeachaje? Niliacha Hhando alipomuuza maksai."

"Lakini watu walikuona mwehu, baba. Mpaka leo."

"Wewe ulikuwa unacheka."

Judica aliinuka akamkumbatia, jambo ambalo binti mtu mzima kwao halifanyi kirahisi kwa baba yake, na akalia mpaka kola ya koti la mzee ikalowa. Mzee hakujua aweke wapi mikono. Mwishowe aliiweka mgongoni mwa mwanawe, akaiacha hapo.

"Basi kesho sitasimama," alisema.

"Nitasimama mimi," alisema Judica. "Nitawaambia nani alilianzisha, na wewe ulikuwa unafanya vile kwa ajili ya nani."