Siku Tuliyokwenda Kumsikia Ferruccio

Wifi yangu Ondina na mimi tumegombana miaka arobaini, na sioni sababu ya kuacha sasa. Aliolewa na kaka yangu Ferruccio, mwendesha gondola, zile mashua nyembamba za mifereji yetu ya Venezia, na mpaka leo hajui kiasi cha siki kinachotosha samaki wa vitunguu. Lakini Jumapili ile alipogonga mlango wangu amevaa koti lake la Pasaka na kujipaka rangi ya mdomo, sikumtania. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kumlaki mtu stesheni.

"Nerina, mbona bado una aproni? Filamu ni saa tisa!"

"Na itaanza bila wewe? Mjane wa nyota wa sinema?"

"Leo usinichokoze, wifi. Leo nakwenda kumsikia."

Nikavua aproni.

Ferruccio alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma. Picha zake Ondina anazo, viatu vyake anavyo, hata wembe wake bado uko bafuni. Kilichomtoroka ni sauti. Aliniambia sokoni, tukiwa tunachagua mboga kwenye mashua ya muuzaji: ameamka asubuhi, akajaribu kukumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akimwita, akashindwa. "Namwona mdomo unafunguka," alisema, "lakini hakitoki kitu." Akaangua kilio pale pale. Mimi si mtu wa kulia sokoni. Nikamwambia ajifute machozi, watu wanatutazama. Nilipofika nyumbani nikafunga dirisha nikalia na mimi.

Kwetu hakuna aliyekuwa na chombo cha kunasia sauti, na Ferruccio alikuwa akiiogopa simu kama paka anavyoogopa maji. Alibaki mahali pamoja tu, kwenye filamu.

Unajua mji wetu ulivyo. Mtu akitaka watu wapendane kwenye filamu, anawaleta Venezia, na hawawezi kupendana mpaka wapakiwe kwenye gondola. Basi kiangazi kimoja, Ferruccio akiwa bado kijana wa kutazamwa, walikuja watu wa sinema kutoka Roma wakamkodi yeye na gondola yake. Walimwambia awapitishe wapenzi wawili mferejini, aite kwenye kona, kisha aimbe ubeti mmoja. Alirudi nyumbani siku hiyo amepanda bei, hataki hata kufua shati alilopigiwa picha.

Hiyo ya kuita kwenye kona ndiyo Ondina aliyokuwa akiisubiri. Mifereji yetu ina kona zisizoona mbele, kwa hiyo kabla ya kukata kona mwendesha gondola hupaza sauti, "O-e!", ili anayekuja upande wa pili ajue. Kila mwanamume ana "O-e" yake, na wake zao huzijua kama wanavyojua vikohozi vyao. Ondina akiisikia ya Ferruccio kutoka jikoni, alitumbukiza tambi kwenye maji yanayochemka. Mumewe akimaliza kufunga gondola na kupanda ngazi, chakula kiko mezani.

Filamu yenyewe hatukuwahi kuiona. Ferruccio alikwenda kuitazama peke yake, ng'ambo ya daraja huko Mestre, akarudi kimya. Tukimwomba atupeleke, alituuliza, "Mtalipa pesa kuiona Venezia? Fungueni dirisha!" Miaka ikapita. Ilipokuja kuonyeshwa kwenye televisheni alizima umeme wa nyumba nzima na kuapa kuwa fyuzi imeungua. Ondina alijenga hoja yake: kuna kitu kati ya mumewe na yule mwigizaji wa kike.

"Mwanamke yule alikuwa na miguu mirefu," aliniambia zaidi ya mara moja.

"Na Ferruccio alikuwa na masikio makubwa," nilimjibu. "Tulia."

Jambo moja tulilikumbuka sote wawili. Kabla ya filamu ile kaka yangu alikuwa akiimba akinyoa ndevu. Baada yake hakuimba tena. Alisema ni koo.

Kisha Padre Olindo, kasisi wetu, akaamua vuli hiyo kuonyesha kwenye ukumbi wa parokia filamu zilizopigwa mjini kwetu, moja kila Jumapili, na hiyo ikawa mojawapo. Ondina aliposikia, wivu wote ulimtoka. "Awe alimpenda, awe hakumpenda," alisema, "mimi naitaka sauti yangu."

Ukumbi ulijaa. Watu wetu hawatazami filamu za Venezia kwa ajili ya mapenzi, wanakwenda kuzikosoa. Wapenzi walipopanda gondola Rialto, wakakata kona moja na kutokea kisiwa cha Giudecca, mbali huko, mzee Gastone, aliyefanya kazi na Ferruccio, akasimama.

"Hiyo gondola ina mabawa?"

"Kaa chini, Gastone, unaziba!"

"Nauliza njia tu! Mimi hapo hutumia saa nzima na mgongo unauma!"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Hata Ondina alicheka. Kisha gondola ikaingia mfereji mwembamba, na nyuma ya wapenzi, juu, akaonekana yeye.

Nilisahau kwamba amekufa. Naapa. Alikuwa na kofia ya majani na ile shingo nyembamba, na bega la kulia likishuka kidogo kila anaposukuma kasia, kama la baba yetu. Gastone mwenyewe alikaa chini. Ondina alinishika mkono akanifinya mpaka pete yangu ikaniuma.

"Ndiye," alinong'ona. "Nerina, ndiye. Sasa anakaribia kona. Sasa ataita."

Ferruccio akajiinamisha, akafungua mdomo.

"O-e!"

Sauti ilikuwa nzito, tamu, ya mviringo, ya mtu anayekula vizuri na kulala mchana. Haikuwa yake. Kisha akaanza kuimba, na alichoimba ni wimbo wa Napoli. Kaka yangu, mtoto wa mtaa wetu wa Castello, ambaye hakuwahi hata kufika Napoli! Midomo yake ilikwenda upande mmoja, wimbo upande mwingine.

Kila mtu hapa kwetu anajua filamu zilivyotengenezwa siku zile. Picha zilipigwa popote, sauti zikatiwa baadaye Roma, na watu ambao kazi yao ni hiyo. Waigizaji wote wa Kimarekani tuliowapenda walizungumza kwa sauti za Waroma watatu wanne. Tulizaliwa tukalikuta jambo hilo, tukalizoea hadi tukaacha kulifikiria. Mimi na Ondina tuliongea juu ya filamu ile miezi mitatu mizima, na haikutupitia akilini kwamba yule aliyetiwa sauti angeweza kuwa wa kwetu.

Hapo nikamwelewa kaka yangu. Nikamwona amekaa peke yake gizani Mestre, anajitazama akifungua mdomo, na sauti ya mtu mwingine inatoka. Walichukua gondola yake, shati lake, mgongo wake, na sauti wakaitupa kwa kuwa haikufaa kwa mapenzi. Aliona aibu kutuambia. Tukamdhania miguu mirefu! Nilimhurumia hadi nikakasirika, na wa kumkasirikia sikumwona.

Taa zilipowashwa watu walipiga makofi wakimgeukia Ondina. Padre Olindo akaja amenyoosha mikono miwili.

"Ondina, sikujua! Mumeo alikuwa na sauti ya malaika!"

Nikafungua mdomo kumrekebisha, lakini Ondina alinitangulia.

"Ahsante, Padre," alisema. "Ndiyo, alikuwa nayo."

Tukaondoka kwa ukingo wa mfereji, jua bado lipo. Alitembea haraka, koti la Pasaka halijafungwa vifungo. Tulipofika pasipo na watu akasimama.

"Wifi, nifanyie jambo moja. Wewe ni damu yake. Umelala naye chumba kimoja utotoni. Ita kama yeye."

"Watu watasema nimerukwa na akili."

"Waseme. Ita, Nerina, kabla sauti hii nyingine haijanikaa."

Hakuwa amewahi kuniomba kitu, hata chumvi. Najua sauti ya kaka yangu ilikuwaje. Naweza kukueleza: ilikuwa nyembamba, ya puani, ikikwaruza mwishoni. Nilifumba macho nikamtafuta. Nikavuta pumzi nikaita.

Ilitoka nzito, tamu, ya mviringo.

Nikajaribu tena, na tena ikatoka ile ile. Mara ya tatu Ondina aliniziba mdomo kwa kiganja chake, taratibu, kama anavyozibwa mtoto kanisani.

"Basi, wifi," alisema. "Basi. Hata kwako hayupo."